Kondoo Anywaye Kwanza

Somo: Ezekieli 34:17–22



Sura ya 34 ya kitabu cha nabii Ezekieli twaijua sana, hasa sehemu yake ya mwanzo, ile ya wachungaji wanaojilisha wenyewe na kuwaacha kondoo watangetange milimani. Padre akikosana na wazee wa kanisa, au diwani akisahau ahadi zake, hapakosi mtu wa kututajia sura hiyo. Wala si vibaya, maana viongozi wanastahili kuisikia. Lakini wengi wetu tukifika mstari wa 16 tunafunga kitabu, na hapo ndipo neno linalotuhusu sisi linapoanza.

Katika mstari wa 17 Mungu anawaacha wachungaji na kuwageukia kondoo wenyewe. Anasema atahukumu baina ya mnyama na mnyama. Kosa linalotajwa ni la kushangaza kwa udogo wake. Kondoo wanono wamekula malisho mazuri, kisha yaliyosalia wameyakanyaga. Wamekunywa maji safi, kisha yaliyosalia wameyavuruga kwa miguu yao, na wale waliokonda wakija nyuma hawana budi kunywa tope. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hawalaumiwi kwa kuwa walikunywa, maana maji yaliumbwa yanywewe. Wanalaumiwa kwa namna walivyoondoka mtoni, kana kwamba nyuma yao hapakuwa na mtu.

Ezekieli aliyanena hayo kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, nchi ya mito na mifereji, naye mwenyewe alipata maono yake ya kwanza kando ya mto Kebari. Watu wale hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuishi juu au chini ya mfereji. Sisi wa Kibaha na Kisarawe nasi hatuhitaji kuelezwa, tukitazama tu maji yetu yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Mto Ruvu huanza katika milima ya Uluguru. Hushuka na kupokea mito mingine, mmojawapo Ngerengere, ambao umepita Morogoro mjini na kuchukua kila kitu mji unachoutupia. Kisha huja kwetu. Pale Mlandizi upo mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa 1959, nao ndio unaotunywesha sisi wa Kibaha pamoja na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mto unaendelea mpaka upande wa Bagamoyo kwenye mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa katikati ya miaka ya 1970, ndipo uingie baharini. Basi mtu wa Kibaha ni kondoo wa katikati. Mbele yake wamekunywa Mluguru na mtu wa Morogoro, na nyuma yake wanangoja watu wa mjini ambao hesabu yao ni mamilioni.

Kisarawe hali yake ni nyingine kidogo, na inafaa tuitazame kwa makini. Kisarawe iko juu. Katika vilima vya Pugu ndiko mto Msimbazi unakoanzia, ule unaopita Vingunguti, Tabata na Jangwani mpaka daraja la Selander. Kanisa letu limevijua vilima hivyo muda mrefu, kwani mnamo 1925 Misheni ya UMCA ilikihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, na kukileta Minaki. Walimu wengi wa zamani wa nchi hii walifundishwa pale. Hata hivyo, mji huo ulio juu ya chemchemi uliishi kwa shida ya maji miaka mingi, hadi Juni 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyapandisha maji ya Ruvu kutoka Kibamba mpaka Kisarawe. Kwa hiyo watu wa Kisarawe leo wanakunywa maji ya Uluguru, na wakati huohuo wao ndio wenye ufunguo wa maji ya Msimbazi. Wana wa kumshukuru huko juu, na wana watakaowadai huko chini.

Nilifundisha shule za vijijini upande wa Kisarawe kabla ya bomba hilo kufika. Mwalimu wa darasa hana haja ya gazeti kumwambia kwamba maji yameadimika, maana daftari la mahudhurio humwambia mapema zaidi. Wavulana wangali wanafika kwa wakati, lakini majina ya wasichana yanaanza kupata alama ya kuchelewa, kisha ya kutofika kabisa. Wanaondoka nyumbani saa tisa za usiku pamoja na mama zao kwenda kupanga foleni kisimani. Wakirudi jua limepanda. Wengine kwa uchovu walilala juu ya dawati katikati ya somo la hesabu, wala huwezi kumfundisha kugawanya mtoto aliyekwisha kubeba lita 20 kichwani kwa mwendo wa saa mbili.

Nikiwakumbuka hao hukumbuka pia habari ya Daudi katika 2 Samweli 23. Daudi alikuwa ngomeni, akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Watu watatu wakapenya kati ya Wafilisti, wakayachota, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya waliohatarisha maisha yao. Wengine husoma wakasema Daudi alikuwa mbadhirifu. Mimi naona kwamba Daudi alijua bei ya maji yale. Sisi tunaofungua bomba na kuliacha likitiririka huku tunasimulia habari za mpira, hatuijui.

Sasa nije kwenye mambo ya miaka hii. Mvua za vuli za 2021 zilikuwa haba, na Ruvu ikapungua. Oktoba 2022 ukatangazwa mgao wa maji katika jiji la Dar es Salaam, maana mto ulikuwa umeshuka mno hata mitambo haikuweza kuvuta kiasi chake cha kawaida. Tuliokuwapo twakumbuka maboza yakizunguka, na bei ya dumu moja ikipanda kati ya asubuhi na jioni. Mwaka uliofuata, 2023, ikaja El Niño, na mvua za mwisho wa mwaka zikabomoa barabara na kuingia majumbani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hata Mafia, jambo ambalo wazee wa pwani hawakulizoea. Kiu na gharika zimefuatana ndani ya miaka mitatu.

Watu huuliza, inawezekanaje ukame na mafuriko yawe na chanzo kimoja? Niruhusuni nirudi ubaoni kidogo. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka. Kwa kila nyuzi 1 ya Selisiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Basi hewa yenye joto huinyonya ardhi, mito na mabwawa kwa nguvu zaidi, na mvua isiponyesha ukavu unakuwa mkali kuliko zamani. Lakini siku hewa hiyo inapouachilia mzigo wake, inaumwaga wote kwa pamoja. Dunia imepata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, mataifa ya viwanda yalipoanza kuchoma makaa ya mawe na baadaye mafuta bila kipimo. Hao nao ni kondoo wanono. Walikula malisho na kuivuruga hewa yenyewe, na mkulima wa Mzenga au Magindu, asiyemiliki hata pikipiki, ndiye anayekunywa tope lao. Haki inadai waambiwe hivyo, na wahusika wanaotusemea katika mikutano ya mataifa tuwaombee ujasiri.

Hata hivyo, nabii haniruhusu niishie kwa watu wa mbali. Ipo miguu ya hapa hapa.

Yupo anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Siku ya mgao maji yakija, yeye huwasha pampu, tangi lake likajaa na kufurika, na nyumba tano zilizo mwisho wa bomba zikasikia upepo tu. Yupo anayemwita fundi usiku ili apitishe bomba nje ya dira. Wapo wanaochota mchanga katika kingo za mito yetu, ukiwemo Mpiji unaopita mpakani mwa Kibaha na Dar es Salaam, mpaka ukingo unaporomoka na mti uliousimamia unaanguka. Wapo wanaoingiza ng'ombe mtoni mahali popote kwa sababu hapana mahali palipotengwa kwa kunyweshea. Na wapo wanaolima bustani mpaka kwenye ulimi wa maji kisha wakawalaumu wenye ng'ombe. Nimesikia ugomvi huo wa wakulima na wafugaji mara nyingi, na kila upande una kesi nzuri ukiusikiliza peke yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 haikumtaja mkulima wala mfugaji. Ilisema meta 60 kutoka ukingoni ziachwe, pasifanyike shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu mto. Meta 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Anayetaka ajipimie mwenyewe.

Tena kuna mkaa. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi umetengwa na serikali tangu zamani, na tangu 2020 ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini umeliwa sana pembeni na katikati, na sehemu kubwa ya ulichotoa imepanda baiskeli na pikipiki kwenda jikoni kwetu. Kuna msemo kwamba miti huleta mvua. Mimi ningesema kwa tahadhari zaidi, kwamba mti nao ni mnywaji, hunywa maji mengi. Kazi yake kubwa kwa jirani ni kuishika ardhi na kuifungua. Majani yaliyooza huifanya ardhi iwe kama sifongo, mvua ikaingia ndani taratibu na kutoka kwenye chemchemi miezi mingi baadaye. Ukiung'oa msitu, mvua ile ile inateleza juu ya udongo mgumu, inafika Jangwani kwa saa chache ikiwa imebeba tope, na Agosti chemchemi ni kavu. Mchoma mkaa wa Kisarawe hamjui mtu wa Jangwani ambaye nyumba yake inajaa maji. Pia sisi tunaonunua gunia hatuwafahamu wote wawili, na nadhani hapo ndipo dhambi yetu ilipojificha vizuri.

Nimesema tunalo deni kwa watu wa juu, na sikusema hivyo kwa mfano tu. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi kwa wakulima wa Kibungo, huko Uluguru. Watu wale hulima kwenye miteremko mikali, na udongo wao ulikuwa unashuka na kila mvua mpaka Ruvu. Wakafundishwa kuchimba matuta, kupanda miti na nyasi za kuzuia udongo, na waliofanya hivyo wakalipwa. Fedha hazikuwa sadaka. Zilitoka kwa wanywaji wa chini, yaani DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji wakati ule, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Malipo yalikuwa madogo na mradi ulifika kikomo, lakini mimi nauona kuwa moja ya mambo yaliyo karibu sana na Ezekieli ambayo yamewahi kutendeka katika bonde letu. Anywaye alikiri kwamba kuna mtu aliyeinama na jembe mlimani ili yeye apate maji yasiyo na tope.

Serikali nayo ina sehemu yake, wala sitaki mtu aseme namwondolea mzigo. Mwishoni mwa 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda katika Mkoa wa Morogoro, ambalo limezungumzwa kwa miongo mingi, ili maji ya masika yawekwe akiba na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Ni jambo jema. Nasema tu kwamba bwawa ni chombo, na chombo hujaa tope ikiwa mlima umeachwa uchi, na huishiwa ikiwa mabomba yanavuja na nusu ya majirani wanaiba. Mungu hakuwaambia kondoo wangoje mchungaji mwema ndipo waache kukanyaga.

Wengine wananiambia, Mwalimu, haya ni mambo ya Idara ya Maji, wewe tuhubirie wokovu. Nawajibu kwamba Kanisa letu la Anglikana ulimwenguni, lilipoorodhesha alama za utume wake, liliongeza ya tano mwaka 1990, nayo ni kuutunza uumbaji na kuuhuisha uhai wa dunia. Haikuwekwa katika kiambatisho. Iko sawa na kuhubiri Injili na kuwahudumia wenye shida. Na kabla ya hapo, tangu zama za mababu wa imani, kanisa limezoea siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana kutoka nje na kuomba baraka juu ya mashamba. Mimi nazipenda sala hizo. Lakini sioni vema tuombe mvua Jumapili, kisha Jumatatu inaponyesha tuitazame ikipita uani kwenda barabarani na kuchimba makorongo.

Hilo linanileta kwenye jambo la nyumbani. Halmashauri ya mtaa wetu wa Kanisa itakutana kabla ya vuli kuamua juu ya fedha zilizokusanywa kwa ajili ya kuweka marumaru sakafuni. Marumaru ni nzuri, na waliochanga walichanga kwa moyo. Ila naomba wajumbe wafanye hesabu ifuatayo, ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la meta 1 ya mraba hutoa lita 1. Bati la kanisa letu lina urefu wa meta 25 na upana wa meta 12, yaani meta za mraba 300. Mvua moja nzuri ya milimita 20 hutupa lita 6,000. Tuseme sehemu moja katika tano inapotea kwa kurukia nje na kuvuja, zinabaki 4,800. Hizo ni ndoo 240 za lita 20, kutoka katika mvua moja, na karibu zinajaza tangi la lita 5,000. Leo maji hayo yote yanadondoka kando ya ukuta na kuula msingi.

Nyumbani vivyo hivyo. Nyumba ya meta 10 kwa 8, mvua kama hiyo mara nne, tangi la lita 5,000 limejaa. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, itakaa nalo siku 41. Siku 41 za msichana kulala mpaka alfajiri. Tangi ni ghali, najua, na si kila mtu atamudu, lakini Umoja wa Akina Mama wamekwisha kuzoea kuchangiana kwa zamu vyombo vya nyumbani, na sioni kwa nini zamu hiyo isifike kwenye gata na tangi. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe bati, isikingwe. Tangi lifunikwe kwa wavu, mbu wasizae humo. Maji ya kunywa yachemshwe. Watu wa mkoa huu hatujasahau kipindupindu kilichoanza Agosti 2015, na visima vifupi vilivyochimbwa jirani na choo bado tunavyo.

Mjumbe mmoja ameniuliza tangi la kanisa litamilikiwa na nani, na kama walio nje ya kanisa watachota. Swali ni la haki, kwa kuwa majirani zetu wengi ni Waislamu. Hao dini yao inawafundisha wasifanye israfu ya maji hata wanapotawadha kando ya mto, na nikiri kwamba katika jambo hilo wamekuwa walimu wetu. Napendekeza kamati ya tangi iwe ya mtaa mzima, wanawake wasipungue nusu, na ufunguo akae nao mama anayeaminiwa na pande zote mbili. Bei iwe ya kutengenezea bomba likiharibika, isizidi hapo, nayo isipande siku ya mgao. Mjane na mgonjwa wachote bure. Na bomba lenyewe liwekwe nje ya uzio wa kanisa, upande wa barabara, ili anayekuja wa mwisho asilazimike kugonga lango.